Ubongo unajifunza kwa makosa ya utabiri, mbona mimi nakosea idadi ya mikate kila siku na sijifunzi?

MwokajiMoro

Habari zenu wakuu. Kuna swali linanisumbua mwezi wa pili huu, nimeona nilitupe hapa, labda yupo anayelijua.

Nipo Morogoro, nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Kazi yangu kubwa kila jioni ni kukadiria kesho tuoke mingapi, maana unga unakandwa usiku na saa kumi na moja alfajiri kirikuu inatoka kwenda Msamvu, Kihonda, Mazimbu na Chamwino. Nikizidisha mikate inarudi, nikipunguza simu zinaanza, oya mbona hamjatuletea, wateja wanaondoka. Huu mwaka wa tatu nafanya kazi hii na kila siku nakosea, tena sio mkate mmoja miwili, leo inarudi arobaini kesho imeisha saa nne asubuhi. Bosi kila siku ananiambia jifunze kwa makosa.

Sasa nimeangalia video mtu anaeleza kwamba ubongo wa binadamu na hata wa mnyama unajifunza kwa kosa la utabiri, yaani ubongo unategemea kitu fulani, kinatokea kingine, ile tofauti ndo inaubadilisha. Nikamkumbuka mtoto wangu wa miaka miwili na nusu. Mwanzoni alikuwa anafurahi akiuona mkate mkononi kwangu. Saivi anaruka akisikia pikipiki inakata kona pale kwenye mwembe, mkate wenyewe nikimpa anaupokea kawaida tu kama haki yake. Juzi jirani kapita na pikipiki yenye mlio kama wangu, mtoto kakimbia mpaka mlangoni, kasimama, kashika pazia, mdomo ukashuka. Mama yake ndo kanisimulia. Hakuna mtu aliyemkalisha chini akamfundisha hayo, kajifunza ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo swali langu, kama makosa ndo mwalimu, mimi nina makosa ya miaka mitatu, mbona bado nipo pale pale? Kuna kitu ubongo unafanya ambacho mimi sifanyi kazini?

---

Neva_na_Damu

Mkuu, ulichosimuliwa cha mlangoni ndo kile kile alichokiona Wolfram Schultz kwa tumbili, na mwanao kakionyesha bila maabara.

Schultz alikuwa Fribourg kule Uswisi, anapima seli moja moja za neva kwenye ubongo wa kati wa tumbili, zile zinazotoa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo zinapelekeana ujumbe nayo. Tumbili anapewa tone la juisi. Mwanzoni juisi ikidondoka mdomoni bila taarifa seli zinafyatuka kwa nguvu. Halafu wakaanza kuwasha taa kabla ya juisi, taa juisi, taa juisi, mara nyingi sana. Tumbili akishazoea, seli zinafyatuka taa inapowaka, na juisi ikija zinaendelea na mwendo wao wa kila siku kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ndo pikipiki kwenye kona ya mwembe, na mkate unaopokelewa kama haki. Sasa sikia hii, taa ikiwaka na juisi isije, kwenye muda ule ule ambao juisi ilitakiwa iwe imefika, seli zinashuka chini ya kiwango chao. Pale nje hakuna sauti, hakuna mwanga, hakuna chochote kilichomgusa tumbili, ila seli zimejibu kwa sababu kuna kitu kilisubiriwa kikakosekana. Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza chuoni nilirudia ukurasa mara tatu.

Mwaka 1997 Schultz pamoja na Peter Dayan na Read Montague walitoa andiko kwenye jarida la Science, wakaonyesha kwamba mwendo huo wa seli unafuata hesabu ambayo kina Richard Sutton na Andrew Barto walikuwa wanaitumia kufundisha kompyuta. Yaani watu wa mashine walifika kwanza kwa njia yao, baadaye ndo ikaonekana ubongo una kitu kama hicho.

Ndo maana hua naumia nikisikia dopamini ni kemikali ya raha. Ingekuwa raha tu basi juisi ingeifyatua kila siku, maana juisi bado tamu. Kilichoisha ni mshangao.

Na hilo la mshangao lilishaonekana hata kabla ya kupima seli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Leon Kamin alikuwa na panya wake, anawapigia sauti halafu shoti kidogo ya umeme, panya wakajifunza kuiogopa sauti. Akaongeza taa, sauti na taa kwa pamoja, halafu shoti ile ile. Baadaye akawasha taa peke yake. Panya karibu hawakuiogopa kabisa! Taa imeambatana na shoti mara kibao na bado hawakujifunza kitu kuhusu taa, kwa sababu sauti ilishatabiri kila kitu na hakukuwa na kosa lililobaki la kuwafundisha. Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner wakaliweka kwenye kanuni, nikiirahisisha ni hivi:

matarajio mapya = matarajio ya zamani + sehemu fulani ya (kilichotokea − kilichotarajiwa)

Hapo kwenye mabano ndo kosa, na lina alama yake, jumlisha au toa. Sasa nikuulize mkuu, mtoto anayeshika pazia matarajio yake yapo hai kichwani pale pale anapogundua sio baba. Wewe saa nne mikate ikiisha, matarajio yako ya jana jioni yapo wapi? Umeyaandika? Au unaikumbuka oda tu?

---

MzeeWaStoo

Kijana wa mikate nimesoma swali lako, na huyo daktari hapo juu kaandika kitu kimenifanya niweke chai chini.

Mimi nimekaa kwenye stoo za dawa miaka kumi na tisa, kazi yangu ilikuwa kukadiria wilaya itahitaji makopo mangapi ya dawa fulani miezi mitatu ijayo. Hiyo kanuni ya panya ni hiyo hiyo tuliyokuwa tunaitumia stoo! Sizungumzii kufanana kwa mbali, ni ile ile herufi kwa herufi. Robert Brown wa Marekani aliianza wakati wa vita kuu ya pili akifanyia kazi jeshi la majini, walikuwa wanatafuta namna ya kufuatilia mwendo wa nyambizi, na miaka ya 1950 akaileta kwenye kukadiria mahitaji ya vipuri vya meli. Charles Holt mwaka 1957 akaiongezea mwelekeo wa kupanda au kushuka, Peter Winters mwaka 1960 akaiongezea misimu. Wakati huo ile kanuni ya panya ya 1972 ilikuwa bado haijaandikwa. Watu wawili wanaotoka pande tofauti, mmoja anahesabu vipuri mwingine anahesabu woga wa panya, wakakutana kwenye mstari mmoja.

Kwako inakuwa hivi. Ile sehemu fulani tunaiita alfa, tuseme 0.2. Umekadiria 600, zimeuzwa 540, kosa ni toa 60. Sehemu ya tano ya 60 ni 12, makadirio yako mapya 588. Siku inayofuata zimeuzwa 610, kosa jumlisha 22, unaongeza 4 na kidogo, unakuwa 592. Basi. Kalamu na daftari.

Alfa ikiwa kubwa unamfuata kila anayepiga kelele. Ikiwa ndogo sana unakuwa kama mzee asiyesikia, mji umehama yeye bado anahesabu wa mwaka juzi.

Lakini kabla ya hapo daktari kauliza vizuri, makadirio yako unayaandika? Kuna kingine pia. Siku mkate ukiisha saa nne unaandika nini? Kama uliandaa 600 na ukauza 600, kwenye daftari kosa ni sifuri. Daftari linakwambia ulipatia! Wakati ukweli ni kwamba walitaka 600 na zaidi, na hiyo zaidi hakuna aliyeihesabu. Kwenye dawa hili limetuumiza sana, kituo kinaishiwa dawa ya malaria wiki tatu, kwenye ripoti matumizi yanaonekana yameshuka, robo inayofuata wanapelekewa kidogo zaidi. Watu wanaumwa na karatasi inasema mahitaji yamepungua. Nililiona kwa macho yangu na halijanitoka.

Weka hapa hesabu za wiki moja tuone.

---

Chuma_cha_Pua

Wakuu kwa nini msimshauri aweke AI tu imalize, saivi hizi hesabu za daftari zimepitwa.

---

MzeeWaStoo

Kijana sikukatazi, ila kuna mashindano ya utabiri anayoyaandaa Spyros Makridakis, yale ya nne, M4, matokeo yake yalitoka 2018, mifululizo 100,000 ya namba za biashara, uchumi, watu na mengineyo. Njia sita zilizokuja na machine learning tupu, yaani kompyuta inajifunza yenyewe kwenye data, zilifanya vibaya, hata moja haikuufikia wastani wa hizi njia za zamani zikichanganywa. Aliyeshinda ni Slawek Smyl, wakati huo yupo Uber, na alichofanya ni kuoanisha neural network, programu ya kompyuta inayoiga seli za ubongo, na hiyo hiyo kanuni ya Holt na Winters. Mambo yamesonga mbele toka hapo, wakubwa wenye data nyingi wananufaika kweli. Ila huyu mwenzetu data yake saivi ina shimo, na AI nayo itajifunza kwenye shimo hilo hilo kwamba siku mikate ikiisha saa nne walitaka 600 tu.

---

MwokajiMoro

Mzee shikamoo. Na daktari asante sana, sikutegemea jibu kama hili.

Ukweli siandiki makadirio, naandika tulichooka na kilichorudi, basi. Nilikuwa naona ni kitu kimoja. Wiki iliyopita ilikuwa hivi:

J3 tumeoka 620, zimerudi 48
J4 600, zimerudi 35
J5 600, hazijarudi, zimeisha saa nne asubuhi
Alh 640, zimerudi 71
Ijumaa 640, zimerudi 22
Jmosi 700, zimeisha saa tisa alasiri
Jpili 500, zimerudi 64

Jumla tumeoka 4,300 zimerudi 240. Mkate ukiuzika tunabaki na kama shilingi 300, ukirudi tunapoteza kama 400, maana ile iliyorudi tunawauzia wafuga kuku kwa bei ya kutupa.

---

MzeeWaStoo

Marahaba. Sasa tazama J5 na Alhamisi. J5 imeisha saa nne, simu zimelia, umechanganyikiwa, Alhamisi ukapandisha 40 zikarudi 71. Lakini J3 zimerudi 48, J4 umeshusha 20 tu. Yaani una alfa mbili mwanangu. Ya simu ni kubwa, ya rejesho ni ndogo, kwa sababu simu inapiga kelele na rejesho linakuja kimya kimya jioni kwenye kreti, dereva analipanga ukutani unapita pembeni yake unaenda kunawa mikono. Wewe hujashindwa kujifunza, umejifunza sana kwa upande mmoja.

Cha pili, Alhamisi umeikadiria kwa kuangalia J5. Alhamisi ifundishwe na Alhamisi. Kila siku ya wiki iwe na mstari wake, makadirio yake, kosa lake.

Cha tatu ndo kitakushangaza. Umesema kukosa mkate mmoja wa kuuza ni 300, kurudi mmoja ni 400. Kuna hesabu ya zamani ya muuza magazeti, chukua 300 gawanya kwa 300 jumlisha 400, unapata tatu ya saba. Maana yake kwa bei hizo, kwenye siku saba mkate wako utoshe siku tatu, na siku nne uishe. Mikate kuisha siku nyingine sio kosa kabisa, ni mpango uliokaa sawa. Wewe wiki hii umeishiwa siku mbili tu na ukajiona umeharibu, kumbe hela inaondokea kwenye kreti, 240 mara 400 ni elfu tisini na sita kwa wiki.

Siku ya kuishiwa weka daftari la pili karibu na simu, kila duka litakaloomba ukakosa andika lilitaka mingapi. Hiyo ndo namba iliyokuwa inakupotea.

---

Neva_na_Damu

Mzee hilo la alfa mbili lipo kwenye ubongo pia, na lipo kwa ushahidi. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake waliwapima wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka mwili, hawa dopamini yao imepungua kwa sababu seli zake zinakufa. Wakiwa hawajanywa dawa walijifunza vizuri zaidi kuepuka chaguo linalowaangusha kuliko kuchagua linalowapa. Wakiwa wamekunywa dawa ya kuongeza dopamini ikageuka, wanajifunza vizuri kwenye kupata na vibaya kwenye kukosa. Mtu ni yule yule, ila dawa imebadilisha ni kosa la upande gani linamfundisha. Maelezo wanayotoa ni kwamba ule mshuko wa seli juisi isipokuja unafunikwa, dawa imejaza pale palipotakiwa kuwa na pengo.

Nina mzee wangu anaumwa ugonjwa huo kwa hiyo hili sio la kitabuni tu kwangu. Madaktari wanajua kwamba baadhi ya wagonjwa wakiongezewa aina fulani za dawa hizo wanaanza kucheza kamari au kununua vitu ovyo wakati maisha yao yote hawakuwa hivyo. Kama una mgonjwa nyumbani na unaona tabia imegeuka ghafla usimlaumu, mwambie daktari wake mapema, dozi inarekebishika.

---

BintiWaMvua

Naomba niingie kidogo, mimi nafanya kazi na wakulima kwenye mambo ya taarifa za hali ya hewa na nina kitu cha kuongezea maana hapa tunaongelea makosa kama vile kila kosa lina somo ndani yake. Halina.

Chukua mvua. Kwa ukanda wetu huu vuli inatabirika vizuri kiasi, kwa sababu inashikwa na El Niño kule Pasifiki na ile tofauti ya joto la maji kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Vuli ya 2019 maji ya upande wetu yalipata joto sana na upande wa Indonesia yakapoa, Afrika Mashariki ikanyeshewa mpaka watu wakahama makazi. Masika ni ngumu zaidi, haishikwi na kitu kimoja kikubwa hivyo. Sasa mtabiri akikosea masika na akakosea vuli kwa kiasi kile kile, makosa hayo hayana uzito sawa. La vuli linamwambia rudi ukaangalie kitu ulichokiacha, la masika linaweza kuwa ni mtikisiko wa kawaida tu, na akibadilisha njia yake kila masika ataharibu na kile kidogo alichokuwa nacho.

Hua nawaambia wakulima wangu, nikisema uwezekano wa mvua ni asilimia 70 na isinyeshe, sijakosea bado. Unikamate hivi, kusanya siku zote nilizosema 70, hesabu ilinyesha ngapi. Kama kwenye siku 100 imenyesha karibu 70 niko sawa, kama imenyesha 40 mimi ni tatizo. Glenn Brier wa ofisi ya hali ya hewa ya Marekani aliweka alama ya kupimia hayo mwaka 1950 na bado inatumika dunia nzima, unachukua uwezekano uliotaja, unatoa kilichotokea (moja kama imenyesha, sifuri kama haijanyesha), unazidisha kwa yenyewe, unatafuta wastani. Mwenye namba ndogo ndo mtabiri mzuri. Hutoi hukumu kwa siku moja.

Na ubongo unalijua hili la uzito. Mwaka 2007 Timothy Behrens na wenzake kule Oxford waliwapa watu mchezo wa kuchagua, kipindi fulani mambo yametulia, kipindi kingine yanageuka geuka. Watu bila kuambiwa walipandisha kasi ya kujifunza kwenye kipindi cha kugeuka na wakaishusha palipotulia, na kuna sehemu ya mbele katikati ya ubongo iliyokuwa inafuatilia hayo mabadiliko. Rudolf Kalman mwaka 1960 alishaiweka hesabu hiyo kwa mitambo, imeongoza hadi vyombo vya Apollo kwenda mwezini, ukiwa huna uhakika na ulichonacho sikiliza kipimo kipya, kipimo kikiwa kibovu baki na ulichonacho.

Kaka MwokajiMoro, Mazimbu kuna wanafunzi. Chuo kikifunga, kosa la siku ile ya kwanza usilichukulie kama la Jumanne ya kawaida. Hiyo ni siku ya kupandisha alfa, tena ikiwezekana usisubiri kosa kabisa, kalenda ya chuo ipo, isome.

---

mkeka_basi

Mimi sio msomi kama nyie ila nimesoma hii mada yote na imenigusa kwa sababu ya mdogo wangu. Anabeti. Mkeka wa timu kumi, tisa zimempa, moja imechana dakika ya tisini. Badala ya kukaa chini ajifunze kwamba kapoteza, anatoka pale na nguvu mpya, anasema bro nilikuwa karibu, wiki hii najua nilipokosea. Nimemwona hivyo mara nyingi mpaka kauza simu. Je hapo ubongo haujakosea kuhesabu kosa?

---

Neva_na_Damu

Ndugu yangu pole sana, na swali lako ni zito. Ndiyo, lipo. Luke Clark na wenzake Uingereza, mwaka 2009, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakicheza mashine ya kamari, picha mbili zinazunguka. Zile za kukosa kidogo, picha imepita hatua moja tu, ziliamsha baadhi ya sehemu zile zile zinazoamka mtu akishinda, na wachezaji wakasema hazifurahishi lakini zinawafanya watake kuendelea. Kukosa karibu kuna maana kama unalenga shabaha, ukikosa embe kwa jiwe kwa sentimita mbili kweli unakaribia, mkono unarekebishika. Kwenye mkeka ile timu ya kumi haina uhusiano na ustadi wake wa wiki ijayo, ila ubongo unasoma ishara ya embe.

Mdogo wako mwombe akuandikie kabla ya mechi, kila mkeka, kaweka ngapi na anategemea nini, na baada ya mechi kapata au kapoteza ngapi, bila safu ya nilikuwa karibu. Miezi miwili jumlisheni pamoja, mkikaa meza moja. Usimfokee. Na kama tayari anakopa au anauza vitu mpelekeni kwa mtaalamu wa afya ya akili, hospitali kubwa nyingi wana kitengo hicho.

---

MwokajiMoro

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, naomba radhi kwa kukaa kimya nilikuwa nakusanya.

Nimechora daftari safu tano, siku, nilichokadiria (naandika jioni kwa peni, sifuti), kilichouzwa, walioomba wakakosa, kosa na alama yake. Siku ya kwanza ya kuandika nilikaa na peni nusu saa, ndo nikagundua miaka yote mitatu nilikuwa sikadirii mahitaji, nilikuwa nakadiria bosi atanifokea kwa lipi. Namba inayotoka ni tofauti kabisa.

Rejesho limeshuka, wiki ya kwanza 190, ya pili 131, ya tatu 118. Nimeishiwa siku tatu, siku nne, siku tatu. Ila mzee lile la tatu ya saba nimejadiliana na bosi, tukaona duka likikosa mara mbili mfululizo linaanza kuchukua kwa mwingine, na kulirudisha ni kazi, kwa hiyo kukosa mkate kunatugharimu zaidi ya 300. Tumekubaliana tuhesabu 400 kwa 400, yaani nusu kwa nusu.

Na ile Jumatano. Daftari la simu Jumatano ya kwanza walioomba wakakosa 74, ya pili 81, na karibu yote inatoka maduka mawili ya Chamwino yaliyo mtaa mmoja. Nikapanda pikipiki nikaenda kuuliza. Mwenye duka, mama mmoja mtu mzima, ananiangalia kama nauliza jua linatoka wapi, kuna vikundi vitatu vya akina mama vya kuweka na kukopa wanakutana Jumatano pale shule ya msingi, chai na mkate, toka mwaka juzi. Miaka miwili J5 zinaisha saa nne na mimi nilikuwa naipandisha Alhamisi.

Saivi J5 nimeiweka 690, wiki ya tatu zimerudi 12.

BintiWaMvua dada asante, kalenda ya chuo nimeichukua. Wanafunga Ijumaa hii. Jumatatu nimeandika 470 na peni ipo hapo haifutiki, ntakuja kuwaambia kilichotokea.